Mwalimu Naye Hufundishwa



Kuna neno tulisikialo mara kwa mara vinywani mwa wazazi. Mzazi apita karibu na shule alasiri, watoto wamekwisha kutawanyika, naye awaona waalimu wamekaa pamoja darasani, vitabu mezani, wakibishana kama vijana wa chuo. Afikapo nyumbani husema: "Mwalimu gani huyu angali akisoma? Chuoni alikwenda kufanya nini?" Neno hili halitoki katika chuki. Latoka kwa mtu ambaye hajaelezwa, nasi twaona ni wajibu wetu kumweleza.

Mwezi wa Januari 2024 mitaala mipya ilianza kufundishwa katika nchi yetu Tanzania, kwanza katika darasa la awali, la kwanza na la tatu. Mtoto wa darasa la kwanza sasa aanza Kiingereza mwaka uleule aanzapo kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya hapo alikingoja mpaka darasa la tatu. Basi mwalimu aliyetoka chuoni zamani, akazoea kuwalea wadogo kwa Kiswahili tu, aliamka asubuhi moja akakuta kazi ambayo hakupata kufundishwa kuifanya. Je, tumlaumu akiomba kufundishwa? Sisi twaona astahiliye lawama ni yule asiyeomba.

Kwa ajili ya haja za namna hii Serikali imeweka utaratibu uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao wenyewe huufupisha MEWAKA. Msingi wake uliwekwa na Wizara ya Elimu mwaka 2020, na Taasisi ya Elimu Tanzania hutayarisha masomo yake. Tofauti yake na semina tulizozizoea ni kwamba mwalimu haondoki shuleni pake. Waalimu wa shule moja hukutana wao kwa wao, na mara nyingine pamoja na wenzao wa shule za jirani, wakalitazama lile linalowashinda darasani.

Tutoe mfano. Mwalimu wa darasa la kwanza awaambia wenzake: watoto wangu waimba "ba, be, bi, bo, bu" pasipo kukosea, lakini nikiandika "bi" peke yake ubaoni wote hunyamaza. Mwenzake aliyezeeka katika kazi ajua kiini chake: watoto wameshika wimbo, hawajashika herufi. Amshauri aanze na sauti ya kila herufi, kisha aziunganishe, tena asizifuatanishe kwa mpango uleule kila siku. Juma lifuatalo yule mwalimu arudi kueleza lililofaulu na lililoshindikana. Hayo ndiyo mabishano aliyoyaona mzazi wetu. Saa moja ile yaweza kumwokoa mwanawe asifike darasa la nne akikariri kitabu asichoweza kukisoma.

Wala jambo hili si geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule zilipofunguliwa kwa watoto wote, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa waalimu hukohuko vijijini, saa nyingine wakifundisha, saa nyingine wakifundishwa, hata kwa redio. Wengi waliwacheka. Lakini ni wasomi wangapi wa leo walioshikishwa kalamu kwanza na mikono ile!

Sasa twawageukia waalimu wenyewe, maana nao hawakosi sehemu yao. Wako waliozoea kwamba mafunzo ni safari ya mjini na bahasha ya posho mwishoni. Masomo ya shuleni pao hayana bahasha. Basi huandika majina katika daftari la mahudhurio, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Twakiri kwamba mwalimu wa kijijini ana shida nyingi, na kwamba madai yake ya mshahara na nyumba ni ya haki. Lakini yule mtoto aliyenyamaza mbele ya "bi" hana kosa lolote katika hayo.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle alikuwa padre wa jamaa tajiri huko Reims, Ufaransa. Aliwaona waalimu wa shule za maskini wakifanya kazi wasiyofundishwa. Mwaka 1681 aliwaingiza wakae nyumbani mwake mwenyewe, wale naye meza moja, wajifunze kazi yao kwa utulivu. Ndugu zake walikasirika, maana mwalimu wa namna hiyo alihesabiwa mtu duni, naye hakuwafukuza. Papa Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa waalimu wote. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulitaka waalimu wawe tayari sikuzote kujifanya upya.

Nyumba ya padre yule yatukumbusha nyumba zetu. Parokia nyingi zina chumba cha mafundisho kikaacho kitupu siku za juma, chenye viti na taa, ilhali waalimu wa shule ya jirani hubanana katika madawati ya watoto mpaka giza liwafukuze. Padre na halmashauri ya parokia wachague alasiri moja katika juma, wawaalike waalimu wote, wa shule za Serikali na wa shule zetu, na ufunguo apewe mwalimu mkuu. Akina mama wa jumuiya ndogondogo, tukiwafahamu vema, hawatakosa birika la chai.