Malezi ya Watoto na Kinga ya Uhalifu

Wahenga walisema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi walimu huirudia methali hii mwaka baada ya mwaka, wala hatuulizi kama ulimwengu ni mwalimu wa kuaminiwa. Na yule ambaye mamaye alifariki yeye angali mchanga, au aliyetumwa mjini kuchuuza karanga kabla hajajua kuandika jina lake, tumlaumu kwa mafunzo yapi?

Hapa Uganda sheria imekwisha kulijibu swali hili nusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 haimtii hatiani kwa jinai mtoto aliye chini ya miaka 12. Aliye chini ya miaka 16 hazuiliwi zaidi ya miezi 3, na aliyepita umri huo, miezi 12. Kwa yale makosa tu ambayo mtu mzima angeweza kuhukumiwa kifo ndipo muda hufikia miaka 3. Tena kumfungia mtoto kumewekwa kuwa njia ya mwisho. Maana yake ni kwamba Dola imekiri kuwa kosa la mtoto lina washirika wengi, na baadhi yao ni watu wazima wenye heshima zao.

Lakini vitendo huchechemea nyuma ya maandishi. Huko Kampiringisa, wilayani Mpigi, katika kituo cha kuwarekebisha watoto waliohukumiwa, wamewahi kupelekwa pia watoto waliokusanywa katika barabara za Kampala, wasio na hukumu yoyote ila ufukara wao. Mtoto huyo ataondoka na elimu gani, kama si ile ya jirani yake wa kitanda?

Wapo watakaotujibu kwamba maskini ni wengi na wezi ni wachache. Basi mwizi amechagua. Hoja hii ina uzito, wala hatumtaki aliyeporwa mali yake asamehe. Hata hivyo, hukumu humfika mwizi baada ya jeraha. Anayejali jeraha lisitokee hana budi kuanzia mbali.

Wala hatusemi kwamba mtu mzima hageuki. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Mwaka 2009, katika shauri lake na wenzake 417, Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa hukumu ya kifo isiwe ya lazima. Akiwa katika gereza la Luzira alisomea sheria kwa masomo ya Chuo Kikuu cha London, akaachiliwa mwaka 2016. Gereza lenye darasa hutoa watu. Linalotuhuzunisha ni kwamba wapo walioshika kalamu mara ya kwanza nyuma ya kuta hizo.

Elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Wengi wao hawakufika darasa la saba. Majina yao yalifutwa kwa wino mwekundu, na waliofuta ni sisi. Ilhali katika kila kijiji makamu mwenyekiti wa halmashauri ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto, na sheria inamruhusu yeyote kumpelekea habari za mtoto aliyetelekezwa. Nyumba yake mara nyingi haiko mbali na shule.