Wasifu wa Siti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini yenye asili ya utumwa, akakua akichuuza vyungu. Mwaka 1928, akiwa mwimbaji, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Mengi ya maisha yake tunayajua kwa sababu mwandishi Shaaban Robert alimwendea angali hai, akamsikiliza, kisha akaandika wasifu wake. Lakini tanzia nyingi za leo hutaja vyeo na wafiwa tu. Miaka ya shida, kama ile ya Siti ya kuchuuza vyungu, haimo, na hiyo ni dhuluma kwa marehemu. Basi, kama mtaani kwenu yupo mzee mwenye jina, mwendee wiki hii na daftari.