Picha ya Jamaa na Ukweli

Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitoa simu iitwayo Pixel 8. Jamaa wakipigwa picha kadhaa mfululizo, aliyefumba macho katika moja aweza kuwekewa uso wake uliopigwa katika nyingine. Je, huo ni uongo? Twajibu: kila uso ni wa kweli, bali nyuso hizo hazikukutana hivyo kamwe. Kwa pambo la ukutani, si kosa kubwa. Lakini wajukuu watakaoishika picha hiyo kama ushahidi watadanganyika: mtoto aliyekuwa akilia ataonekana akicheka. Basi, ndugu wazazi, itunzeni pia picha ya kwanza. Awapendaye jamaa zake huwapokea kwa nyuso walizokuja nazo.