Mzee Hakugeuka, Swali Ndilo Liligeuka

Wiki hii nimekereka, na kilichonikera hakikunihusu hata kidogo. Nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa pale Nyahanga, hapa Kahama, nasikiliza tu kama kawaida yangu, kijana mmoja alipomwambia mzee wa rika la babu yake, mbele za watu: "Mzee, wewe hujui. Unabahatisha." Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akaomba aongezewe kahawa. Mimi ndiye niliyeondoka na donge.

Niwape mkasa wenyewe, maana bila mkasa mtadhani namtetea mzee kwa sababu ya mvi zake.

Mzee huyu ni mchimbaji wa siku nyingi. Alishika sururu kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, akahamahama na rasha, mikimbilio ya dhahabu mpya, kama wenzake, na leo miguu imegoma, kazi yake imebaki kutazama mawe. Asubuhi hiyo vijana wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia, walimletea mawe kwenye salfeti. Akalilowesha moja kwa maji ya kikombe, akaligeuza juani, akalikwangua kwa ukucha, akanyamaza. Kisha akaagiza litwangwe. Likatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka likawa unga, unga ukachekechwa kwa kitambaa, na mzee akauosha mwenyewe kwenye karai, taratibu, bila kusemeshana na mtu. Mchanga mwepesi ukatoka na maji, mweusi ukabaki, na nyuma ya ule mweusi ukajichora mkia mwembamba wa njano. "Ipo," akasema. "Mwamba huu naujua. Fuateni mkono wa kushoto, msiuache." Vijana wakafunga salfeti yao kwenye bodaboda, wakarudi kazini. Hakuna aliyemdai cheti.

Jua lilipopanda akaja mfanyabiashara wa mchele, mtu mwenye fedha zake. Amesikia habari za duara hilo na anataka kulifadhili: kompresa, pampu ya maji, baruti, magogo ya matimba, posho za watu. Ili apate mtaji huo itabidi auze kiwanja. Akamwamkia mzee kwa heshima zote, akakaa, akauliza: "Baba, unajua kwamba mle ndani mna dhahabu ya kunirudishia fedha yangu?" Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, dalili naziona. Kukuapia siwezi."

Hapo ndipo kijana aliporuka. Ni kijana mzuri, amesomea jiolojia, amemaliza chuo, anasubiri ajira. "Si mnaona? Asubuhi alisema anajua, sasa hajui. Mzee, wewe hujui. Unabahatisha."

Kijana anaona mtu aliyejipinga mwenyewe. Mimi naona mtu aliyeulizwa maswali mawili akayajibu yote mawili sawasawa. Vijana wa duara walitaka kujua kesho wapige sururu upande gani, na mzee akikosea, hasara yao ni kutwa moja ya jasho. Mfanyabiashara alitaka kujua kama auze kiwanja, na mzee akikosea, watoto wa mtu watakosa mahali pa kujenga. Jiwe ni lilelile, karai ni lilelile, macho ni yaleyale. Kilichopanda ni gharama ya kukosea, na ilipopanda, ushahidi uliotosha asubuhi haukutosha tena mchana. Mzee aliliona hilo pale pale. Msomi wetu hakuliona.

Tena mzee alikuwa na sababu ya kusita, na sababu yenyewe iko ardhini. Karai linaonyesha dhahabu iliyo huru tu, ile iliyokwisha kuachana na mwamba. Karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo mvua na hewa vimeulainisha mwamba kwa karne nyingi, dhahabu ya namna hiyo ni nyingi, na mchimbaji anaiona kwa macho. Ukishuka chini ya usawa wa maji mambo yanabadilika. Mwamba unakuwa mgumu, umejaa madini ya salfa, na dhahabu inajificha humo ndani, chembe kwa chembe. Unaweza kuosha jiwe tajiri la chini usione mkia wowote. Unaweza pia kuona mkia mzuri juu, ukachimba kwa furaha, ukafika chini ukakuta mshipa umekatika. Mzee anayajua yote haya. Kwa hiyo aliposema "kukuapia siwezi" alikuwa akisema jambo la kina cha shimo ambalo bado halijachimbwa.

Nenda kwenye karasha lolote, mashine ya kusagia mawe, uone jinsi ujuzi huohuo unavyogawanya fedha. Mchimbaji anasaga mawe yake, anaosha, anakamata kwa zebaki kinachokamatika, anapima pointi zake, anaondoka. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa kawaida yanabaki kwa mwenye karasha. Kwa macho ya karai, marudio ni mchanga mtupu. Kwa macho ya plenti ya sayanaidi, ndani yake kuna dhahabu ambayo huenda ikazidi ile iliyoondoka na mchimbaji. Mchimbaji na mwenye karasha wamelitazama rundo moja na kila mmoja ana hakika yake. Mmoja anajua kwa kazi ya leo, mwenzake anajua kwa kazi ya mwezi ujao, na huyo wa pili ndiye anayejenga ghorofa mjini. Sisemi mwenye karasha ni mwizi. Nasema tu kwamba huwezi kuuliza "nani anajua?" bila kuuliza anajua kwa kifaa gani na kwa kazi ipi.

Kijana atanijibu: basi ndiyo maana kuna maabara. Peleka sampuli, upate namba, ubishi uishe. Namheshimu, na maabara naiheshimu. Lakini tuitazame kwa karibu. Maabara huchukua unga wa jiwe, mara nyingi gramu 30 au 50, huuyeyusha kwenye tanuru pamoja na risasi, risasi ikakusanya dhahabu, kisha risasi ikaondolewa likabaki tone dogo la kupimwa. Ni kazi safi sana. Ila gramu 50 ni sehemu moja ya elfu ya mfuko mmoja wa kilo 50, na dhahabu haikai mwambani kwa usawa. Punje moja nene ikiingia kwenye sampuli, jiwe maskini linaonekana tajiri. Ikikosekana, tajiri linaonekana maskini. Kwa hakika kabisa, maabara inakijua kile kipakiti ulichoipelekea. Kuhusu shimo, bado kuna safari.

Anayebisha aikumbuke Bre-X. Ilikuwa kampuni ya Kanada, na miaka ya 1990 ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, Indonesia. Maabara ilipima sampuli zake kwa maelfu na namba zikawa nzuri, wawekezaji wakamiminika, kampuni ikafikia thamani ya dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka 1997 Freeport, kampuni ya Marekani, ikachoronga upya palepale na kukuta karibu patupu. Sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingine. Maabara haikuwa imedanganya: kilichoingia ndicho ilichokipima. Kinachonifurahisha katika kisa hicho kichungu ni kwamba chembe zenyewe zilikuwa zimeviringika, kama dhahabu iliyosuguliwa na mto, badala ya kuwa na ncha kama iliyotoka mwambani. Huyo mzee wetu wa karai, angeonyeshwa chembe zile Nyahanga, naamini angeuliza swali moja tu: hii mmeitoa mto gani?

Nimeshausikia upinzani mwingine, na huu ni mzito zaidi. "Mwandishi, unataka kutuambia kila mtu ana ukweli wake? Mzee ana wake, maabara ina wake, tuishie hapo?" Hapana. Dhahabu ama ipo ama haipo, na mwamba haujali nani anasema nini. Ninachosema ni kingine: kiasi cha ushahidi ambacho mtu lazima awe nacho ndipo aruhusiwe kusema "najua" hakifanani mahali pote. Kinapanda na kushuka kufuatana na kile kitakachofanywa kwa kulitegemea jibu lake. Na kwa sababu kinapanda, kuna mahali ambapo huyohuyo mzee wangu namgeuka.

Zebaki. Nimewasikia wazee wa machimboni wakisema, kwa sauti ileile ya kutazama mawe, "Zebaki haina neno, najua, nimeishika maisha yangu yote." Wanaichoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, moshi unaingia jikoni, mtoto anacheza pembeni. Hapa uzoefu wa mkono hautoshi, kwa sababu sumu hii haifanyi kazi kwa kasi ambayo mkono unaweza kuihisi. Inaingia kwa mvuke, inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, na huathiri zaidi mtoto aliye tumboni. Wajapani wa Minamata walikula samaki wenye zebaki kwa imani vilevile, mpaka paka walipoanza kuanguka na watoto kuzaliwa na ulemavu, na leo mkataba wa dunia wa kuidhibiti zebaki una jina la mji wao. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwenye jiwe, mzee ni mwalimu wangu. Kwenye moshi ule, anayeweza kukosea ni mtoto ambaye hakuulizwa, na kwa hiyo namtaka mzee awe na zaidi ya mazoea kabla hajaniambia anajua.

Na wakubwa je? Hapo ndipo donge langu lilipo hasa, maana huyu kijana wa kijiweni hakuzua tabia hii ya kutoona kwamba swali limebadilika. Tuliiona mwaka 2017, wakati wa sakata la makinikia, mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Makontena 277 yalizuiwa, shehena ya Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya kwetu. Wakala wa ukaguzi wa madini, TMAA, ulikuwa ukihesabu takriban gramu 200 za dhahabu kwa tani. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipotoa ripoti tarehe 24 Mei ikasema wastani ni gramu 1,400. Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi hiyo, ikashikilia hesabu zake. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikakadiria hasara ya tangu 1998, na Julai Acacia ikadaiwa kodi, riba na faini za dola bilioni 190. Vijiweni tulishazigawana fedha hizo kwa magari ya Noah, kila Mtanzania na yake.

Sijadili hapa nani alikuwa sahihi. Nasema kwamba namba ile ya mwezi Mei ilitosha kabisa kwa kazi moja: kusimamisha makontena na kudai yapimwe mbele ya pande zote. Kwa kazi hiyo, ukikosea umechelewesha meli. Kuitwika Acacia ankara ya miaka karibu 20 ni kazi nyingine, na kazi hiyo ilidai ushahidi mwingine, uliokaguliwa na watu wasio wa upande wowote. Sisi tukaibeba namba moja kutoka kwenye swali la kwanza hadi la pili kana kwamba swali halikubadilika. Mwishowe mambo yakamalizwa mezani: Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300, na Januari 2020 ukatiwa saini mkataba wa kampuni ya ubia, Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16. Ni mapatano, na pengine ni mazuri. Lakini hakuna Noah, na mpaka leo kuna watu Kahama wanaoamini waliibiwa Noah zao.

Mzee wa Nyahanga, mwenye elimu ya karai, alifanya kile ambacho taifa zima lilishindwa. Swali lilipokuwa zito, aliipunguza "najua" yake bila kuona haya, na kwa hilo akachekwa na vijana.

Nina la mwisho kwa mabenki, maana mfanyabiashara wa mchele ameuza au atauza kiwanja kwa sababu benki hazimtazami mchimbaji. Mwenye leseni ndogo akienda kukopa anaambiwa hajui alicho nacho mpaka alete ripoti ya kitaalamu. Benki ina haki ya kusema hivyo, fedha ni ya wenye amana. Lakini kipimo hicho cha juu kimewekwa kwa hofu ya benki, kwa faida ya benki, halafu gharama yote ya kukifikia anatupiwa mtu ambaye kwa kazi yake ya kila siku karai linamtosha. STAMICO, shirika la madini la taifa, sasa lina mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Basi benki inayotaka kujua kwa kiwango chake ichangie mita za kwanza za kuchoronga. Mkopo ukipita, ijikate humo. Usipopita, ihesabu kuwa imenunua jibu la swali lake yenyewe.