Dhara Isiyoonekana kwa Macho



Mwenyezi Mungu ametuwekea juu yetu hewa ya ozoni, iuzuiayo ukali wa jua usituharibu ngozi wala macho. Neema hii hatukuiomba wala hatukuilipia.

Mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walibainisha kwamba gesi zilizokuwa zikitiwa katika mafriji zikipanda juu huila ozoni. Mwaka 1985 ikadhihiri kuwa huko Antaktika imepungua mno. Serikali zikakutana Montreal, na tarehe 16 Septemba 1987 zikaagana kuziondoa gesi hizo hatua kwa hatua. Kenya iliridhia mwaka 1988. Nchi tajiri zilitangulia, na nchi kama zetu zikapewa muhula na fungu la msaada. Gesi za kwanza zilikatazwa kwetu mwaka 2010. Na R-22, iliyoshika mahali pao, yapunguzwa ili ifikapo 2030 isibaki ila chembe ya kutengenezea mashine kuukuu. Mwaka 2023 wataalamu walitoa khabari njema, ya kuwa ozoni yatarajiwa kurudi katika hali ya 1980 sehemu nyingi za dunia kiasi cha mwaka 2040.

Lakini serikali haiingii jikoni mwetu. Fundi akija kutengeneza friji, mara nyingi hukata mfereji akaiachia gesi yote hewani. Nasi wenye nyumba twasimama twamhimiza afanye upesi na kwa bei nafuu! Jirani akimwaga taka mlangoni petu, twamshitaki. Je, amwagaye juu ya dari ya watu wote, na ya wajukuu wasiozaliwa bado, tumwiteje? Na sisi tuliomlipa, tu wapi? Dini yetu imetukataza kudhuru, wala dhara haiwi halali kwa kuwa haionekani.

Basi fundi na aivute gesi aitie mtungini. Mwenye friji naye akubali kumlipa ujira wa kazi hiyo, wala mwenye duka asinunue gesi ya magendo. Na ikiwa mashine ya kuvutia ni ghali kwa fundi mmoja, wenye uwezo katika mtaa na wachange wainunue, itumiwe na mafundi wote.

Agano limetiwa sahihi na wakubwa. Kulitimiza ni juu yetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.