Moyo wa Teja



Hebu fikiria: moyo wako umechoka, na daktari anasema bila kupandikizwa mwingine humalizi mwaka. Simu inalia. Moyo umepatikana, ila mwenyewe alikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Utaukubali?

Huko Marekani watu wanaulizwa swali hili kweli. Mwaka 2000, kati ya watoaji viungo 100 waliofariki, kama 1 tu alikuwa amekufa kwa kuzidisha dawa. Mwaka 2017 walifika 13, na wengi wao vijana. Mwanzoni madaktari waliiogopa mioyo hiyo. Walipowafuatilia wagonjwa waliopandikizwa, wakakuta kwamba moyo ukipimwa na kuchaguliwa vizuri, aliyeupokea anaishi karibu sawa na waliopokea mioyo ya watu wengine. Hata mtoaji akiwa na homa ya ini aina ya C, siku hizi mpokeaji hupewa dawa na kupona.

Sasa tusidanganyane, eti unga hauna shida! Kokeni inabana mishipa ya moyo, heroini inazima pumzi. Moyo ulioharibika haupandikizwi. Na yule kijana hakupaswa kufa. Mama yake bado analia.

Lakini ona jambo hili. Yule tuliyemwita teja, tukavuka barabara tusikutane naye, kifuani mwake alibeba kitu ambacho mgonjwa fulani alikuwa anakiombea usiku na mchana.

Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji Roma mwaka 2000, alifundisha kwamba kutoa kiungo kwa hiari ni tendo la upendo. Hakuna anayenyang'anywa, ni zawadi. Na zawadi hiyo inaweza kutoka hata kwa mtu ambaye sisi tulishamfuta.

Kwa nabii Ezekieli (36:26) Mungu anaahidi kuondoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Nimekuwa nikidhani wenye moyo wa jiwe ni wale wa kijiweni. Kumbe ni mimi ninayewapita kila siku bila hata salamu.

Basi wiki hii tufanye moja: msalimie mmoja wao, muulize jina lake. Tusingoje afe ndipo tujue thamani yake. Na wewe unayetumia kwa siri, zungumza na padre au mtu unayemwamini, leo. Moyo wako tunauhitaji ukiwa ndani yako.

Ee Bwana, tuondolee moyo wa jiwe. Wapokee waliokufa kwa dawa za kulevya, wafariji mama zao. Amina.