Tumemwachia Mungu Nini Hasa?

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiswahili katika sekondari msingi moja nje kidogo ya mji wa Garsen, na jioni nina chuo cha watoto nyuma ya msikiti. Kwa hiyo wazazi hunijia kwa milango miwili: asubuhi kama mwalimu wa serikali, jioni kama ustadhi. Shida yao ni moja, ya mtoto wa Gredi ya Tisa na kuchagua sekondari pevu, ila jibu wanalolitaka hubadilika kwa saa. Asubuhi wanataka niwaambie shule ipi. Jioni wanataka niwaambie kwamba haidhuru ni shule ipi, kwa kuwa riziki imeshaandikwa.

Hili la jioni ndilo linaloninyima usingizi. Mzee mmoja wa Kiorma, mtu wa swala tano na mwenye kuheshimiwa, nilimwomba aje shuleni tukae na kijana wake tutazame chaguo zake. Akanijibu kwa upole, "Ustadhi, sisi tumemwachia Mungu. Wewe jaza tu."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, kiangazi kikikaza, ng'ombe nao unamwachia Mungu?"

Akacheka. "Ng'ombe tunawashusha delta."

"Mnawashusha tu, hivi hivi?"

"Aa, hapana. Kwanza wanatangulia vijana wawili, waone majani yako wapi na maji yako wapi, na huko kuna nani."

Sikuongeza neno. Mzee si mjinga, alijua nimempeleka wapi. Lakini pia hakuja shuleni wiki ile.

Wasiojua habari hii niwaeleze kwa ufupi. Zamani, katika mfumo wa 8-4-4, mtoto aliingia kidato cha kwanza akasoma karibu kila kitu, na kupunguza masomo kulingoja mpaka kidato cha tatu. Sasa uamuzi umeshuka. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya Tisa, mwishoni mwa 2025, watahiniwa zaidi ya milioni moja nchi nzima, na Januari 2026 likaingia Gredi ya Kumi. Kabla ya mtihani kila mtoto alitakiwa achague mkondo mmoja kati ya mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; au ule wa sanaa na michezo. Ndani ya mkondo achague masomo matatu. Kisha aorodheshe shule kumi na mbili, tisa za bweni na tatu za kutwa, hizo za kutwa zikiwa katika kaunti ndogo ya kwao. Yote hayo yanamkuta akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Alama nazo hazitoki siku moja. KJSEA ni asilimia 60, mtihani wa Gredi ya Sita ni 20, na kazi za darasani za Gredi ya Saba na ya Nane ni 20 nyingine. Mzazi anayeniambia kwamba ya mtoto wake yameshaandikwa amesema kweli kuliko anavyodhani: asilimia 40 imeshaandikwa, na nusu yake walioiandika ni sisi walimu. Angekuja Gredi ya Saba tungezungumza vizuri zaidi.

Sasa nirudi kwenye kudra, maana siwezi kuipita kwa mzaha. Sisi watu wa Mto Tana tuna sababu za kuamini kwamba mipango ya binadamu ni mepesi. Pale Gamba mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ulijengewa matuta makubwa na wahandisi wenye vyeti, na mafuriko ya El Niño ya 1997 yakayavunja. Mwaka 2024, Aprili na Mei, mvua za bara zilijaza mabwawa hadi yakamwagika, na huku chini watu wakahamia miinuko na magunia vichwani. Mkulima wa Kipokomo aliyezaliwa ukingoni mwa mto huu hahitaji mahubiri ili ajue kwamba kesho si yake. Analima akisema inshallah, au Mungu akipenda, kutegemea anasali wapi.

Lakini tuyatazame mafuriko hayohayo kwa makini. Mvua ni ya Mungu, hapo sina ubishi. Bwawa la Masinga, huko juu ya mto, lilikamilika 1981 na la Kiambere 1988, na hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeamua kimo cha ukuta, kuna mtu wa kutoa onyo kabla maji hayajafunguliwa, na kuna kamati iliyokaa ikaamua shule ijengwe bondeni pasipofaa hata zizi la mbuzi. Tukiyakusanya yote na kuyaita kudra, tunakuwa tumemsingizia Mwenyezi Mungu makosa ya kamati. Nasema kusingizia kwa makusudi kabisa. Mtu akivunja chungu cha jirani kisha aseme ni mapenzi ya Mungu, tutamdai chungu.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa Gredi ya Tisa. Kipaji chake hatukumpa sisi, wala afya yake, wala umri atakaoishi. Lakini kama shule ya kutwa iliyo jirani haina mwalimu wa fizikia, au ina maabara ya jina tu, hilo si siri ya ghaibu. Mtu anaweza kupanda bodaboda akaenda kuuliza akarudi kabla ya adhuhuri.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye hapa pwani hatumtaji bila adabu, alilizungumza suala la tawakali, yaani kumtegemea Mungu, kwa urefu. Mtu aliyewekewa chakula akakataa kunyosha mkono, akingoja Mungu amlishe, yeye hakumhesabu kuwa mcha Mungu, alimhesabu mwendawazimu. Kuna pia kisa cha Nabii Yusuf, ambacho majirani zetu Wakristo wanacho sawasawa na sisi. Yusuf alifunuliwa ghaibu yenyewe: miaka saba ya neema, kisha saba ya njaa. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukaa akasema yameandikwa, basi ni yeye. Badala yake akaagiza nafaka iwekwe akiba. Kuijua kesho hakukumpunguzia kazi, kulimwongezea.

Basi wanaopanga ndio wamepatia? Hapana, na hapa wengine watanuna.

Kuna mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Ngao, mshirika mzuri wa kanisa, na daftari mkononi. Shule zake tisa za bweni ameshaziandika, masomo matatu ameshayachagua, fizikia, kemia na bayolojia, na chuo kikuu pia ameshakijua. Binti amesimama nyuma yake. Nikamgeukia binti nikasema, "Mwanangu, wewe wapenda nini?" Mama akajibu. Nikauliza tena. Mama akajibu tena, safari hii kwa ukali kidogo: "Mwalimu, nimeuza maembe miaka yote hii ili huyu awe daktari."

Mama yule na mzee wangu wa Kiorma wangekutana pale kituoni Minjila wasingeelewana hata kidogo. Mmoja amemwachia Mungu kila kitu, mwingine hakumwachia hata kipande. Ila matokeo yao ni mamoja: hakuna aliyemuuliza mtoto.

Katika Kurani kuna sura ya Luqman, ambayo sisi walimu wa chuo huipenda kwa sababu ya baba kumpa mwanawe nasaha. Huisomesha sehemu hiyo, kisha tukafunga msahafu. Tukiendelea hadi mwisho wa sura tungekuta mambo mawili yamekaa bega kwa bega: kwamba iko siku ambayo mzazi hatamfaa mwanawe kwa lolote, na kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Sura iliyomfundisha baba kunena inamaliza kwa kumwonyesha mpaka wake. Aya hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wazazi wa jioni hunisomea kama hoja ya kutopanga. Mimi naisoma hivi: ni wewe, baba, usiyejua mwanao atachuma nini kesho. Kwa hiyo usimfungie.

Na tazama tunavyojipinga wenyewe. Mtoto akibaleghe tunamwambia kalamu imeanza kumwandikia. Ramadhani ikiingia tunamwamsha daku na hatumpi ruhusa ya kula mchana. Tunasema atasimama mbele ya Mola wake peke yake, baba hayupo, mama hayupo. Kisha mtoto huyuhuyu, mwenye umri wa kujibu mbele ya Mwenyezi Mungu, tunamwona mdogo mno kutuambia kama anapenda kilimo kuliko kemia!

Mtu atanijibu, na atakuwa na haki, kwamba kubaleghe si kupevuka. Kweli. Wanavyuoni wametenganisha mambo hayo kwa uangalifu, na dalili yao ni maagizo ya Kurani kuhusu mali ya yatima: mlezi asimkabidhi mali kwa kuwa amefikia umri tu, bali amjaribu kwanza, na akimwona ana busara amkabidhi. Naliona agizo hilo kuwa ndilo mwongozo bora wa Gredi ya Tisa niliowahi kukutana nao, ingawa halikushushwa kwa ajili hiyo. Lina hatua ambayo mzee wangu na mama wa Ngao waliiruka wote wawili: kumjaribu. Unampa kidogo akakisimamia, ukatazama. Mpe kuku sita ahesabu chakula na mayai. Mtume Hola peke yake akafuatilie cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Mwache agombane na hesabu jioni nzima, uone kama analia au anaendelea. Mtoto aliyejaribiwa hivyo tangu Gredi ya Saba, ukifika wakati wa kuchagua mkondo ana la kusema, na wewe una sababu ya kumsikiliza.

Kuhusu istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo katika jambo, maana huulizwa sana: "Ustadhi, nimwombee mtoto istikhara ya shule?" Wapo wanavyuoni walioruhusu mtu kumwombea mwenzake, lakini wengi huiweka kwa mwenye jambo. Wewe mzazi una jambo lako, nalo ni karo, liombee hilo. Shule za juu za bweni zinafika zaidi ya shilingi 50,000 kwa mwaka, na hapo kweli panahitaji swala. Mkondo ni jambo la mtoto. Mfundishe rakaa mbili na dua yake, aisimamie mwenyewe. Pia istikhara, katika hadithi iliyosimuliwa na Jabir, ni ya mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Haianzi na kichwa kitupu. Asiyejua hata majina ya hizo shule kumi na mbili ataomba aongozwe wapi?

Kuna jambo moja ambalo istikhara haiwezi kulitatua, na nitalisema bila kuzunguka. Sekondari pevu zimegawanywa: zipo zenye mikondo yote mitatu, zipo zenye miwili tu, sayansi na sayansi za jamii. Sanaa na michezo ndiyo inayokosekana katika hizo za miwili. Kaunti yetu ya Tana River ni pana kuliko mikoa mizima ya nchi nyingine, na sensa ya 2019 ilitukuta watu 315,943 tu tuliotawanyika kando ya mto na nyikani. Mtoto wa Idsowe mwenye sauti, au wa Tarasaa mwenye mguu wa mpira, ataambiwa achague kwa uhuru, kisha uhuru wake uishie getini kwa shule ya kutwa asikoukuta mkondo wake. Na bwenini atakwenda kwa karo ya nani? Wapo pia wazazi ambao mpaka leo, kabla ya kuuliza shule ina maabara, huuliza iko katikati ya watu gani, kwa sababu ya mapigano yaliyotupata 2012 kati ya wakulima na wafugaji. Siwalaumu. Nami nilizika watu mwaka ule.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wimbo wa taifa wa Kenya, unaopigwa kila Rais anaposimama, sauti yake ilitokana na bembelezi la Kipokomo. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, akiwamo George Senoga-Zake na Graham Hyslop, iliutengeneza kutokana na sauti iliyotoka huku kwetu, ambayo mama zetu walibembelezea watoto. Tana iliipa nchi nzima sauti ya kusimamia, na mtoto wa Tana leo anahangaika kupata darasa la muziki. Hilo tusimwachie Mungu. Hilo ni la Wizara, la Bunge la Taifa na la wabunge wetu watatu, wa Garsen, Galole na Bura, na tunaweza kuwauliza kwa majina yao.

Ndugu mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya Tisa, usisubiri fomu ifike. Chagua Jumamosi moja, nenda na mwanao kwenye shule ya kutwa iliyo karibu nawe. Uliza mikondo mingapi, nani anafundisha hisabati, maji ya kunywa yanatoka wapi, na mafuriko yakija watoto wanapitia njia gani. Mwache mtoto aulize mwenyewe angalau swali moja. Kisha njooni wote wawili, na yeye ndiye aanze kusema.